Mtu wa Saba

Saa nane za usiku, Likoni.
Umeme umerudi, feni yazunguka kwa kinyongo.
Kwenye simu nina shilingi mia saba na arubaini
na kiu ya mdundo nisioujua jina.
Nimefungua maduka matatu kwa pamoja,
kama mtu aliyekwenda Marikiti kununua iliki
akarudi mara tatu meza ile ile
kwa kuwa mizani haimtulizi moyo.

Duka la kwanza lina kila kitu.
Unalipa kodi ya mwezi, na ukichelewa
mlango unafungwa, nyimbo zako zimo ndani.
Mimi nimekaa nyumba za kupanga,
naijua sauti ya funguo mkononi mwa mwenye nyumba.
Tena linanijua nusu nusu:
wiki aliyokufa shangazi nilisikiza kinanda cha polepole,
na hadi leo laniletea vilio,
ladhani bado sijaondoka matangani.

Duka la pili ni la wachezesha muziki.
Humo nyimbo zimepangwa kama dawa famasi,
kila moja na kasi yake, mia na ishirini na nne kwa dakika,
na bei kwa dola.
Dola haimjui karani wa bohari la Shimanzi.

Zamani palikuwa na Zulfikar,
kibanda cha kanda, Mwembe Tayari.
Mwongo. "Hii imeshuka jana kutoka Dubai,"
na huku mashine ya kunakili yanguruma nyuma ya pazia.
Lakini alikutazama viatu, akakutazama uso,
akakupokonya ulichokishika:
"Hii si yako. Chukua hii."
Nusu ya siku alikosea.
Nusu ile nyingine ndiyo iliyonilea.

Swalha hunicheka. "Wanunua hewa, shoga?
Kuna njia ya bure. Ingia, shusha, toka."
Sina hoja ya kumjibu.
Nilishusha za bure miaka minne;
nina nyimbo elfu tisa
zisizo na mtu ndani.

Duka la tatu ni dogo. Kila fundi na meza yake,
na kila mnunuzi rafu yake iko wazi,
waweza kupekua alichonunua mtu usiyemjua
kama mgeni aliyeachwa peke yake sebuleni.
Nimeingia kwa mmoja ajiitaye Chuma Mboga,
simjui ni mke au mume.
Nikashuka, nikashuka,
hata chini kabisa: Gati Kumi na Nne.
Picha ya ubavu wa kontena, kutu tupu.
Bei: mia tatu, au zaidi ukipenda.

Dakika ya kwanza, kimya chenye vumbi.
Kisha besi, imeinama kama mchukuzi.
Kisha kitu nikijuacho kabla ya akili kukijua:
honi ya feri,
imevutwa, imevutwa, mpaka ikawa uzi.
Na chini ya uzi, ngoma.
Nikaongeza sauti. Si ngoma.
Ni miguu. Ni watu wanashuka asubuhi,
mamia, juu ya bati la chuma, wamechelewa kazini.

Kama alinasa siku ya kazi, kabla ya saa moja,
basi yangu imo.

Nikaweka mia tano.
Nikahesabu iliyobaki, nauli na maandazi hadi Ijumaa,
nikabonyeza kabla Swalha hajaniingia kichwani.

Ujumbe ukaja hapo hapo, naye kumbe hajalala:
"Ahsante. U mtu wa saba.
Wa kwanza wa huku."

Sikumuuliza jina.
Nimezima taa, nimelala na mdundo sikioni,
na kesho, nikienda kuvuka,
navaa viatu vya kisigino.